Mwizi Humfuata Mnunuzi

Hotuba kwa wafanyabiashara wa katikati mwa jiji la Nairobi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wa biashara mlionitangulia katika mitaa hii, kina mama wa vibandani, mafundi wenzangu, na wageni wetu kutoka idara ya polisi na serikali ya kaunti, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya wizi wa mali katikati mwa jiji letu, na nadhani niliombwa kwa sababu nimeketi nyuma ya kaunta ya simu, hatua chache kutoka Luthuli Avenue, kwa miaka 22. Mimi si mtafiti wala si askari, kwa hiyo msitarajie nifungue makabrasha. Nitaeleza ninayoyaona kutoka pale nilipoketi, nitagusia sheria kidogo, kisha nitakiri jambo moja nililolitenda mwenyewe, ambalo hata leo halinipi fahari.

Nianze na mahali. Mtu akiniambia kwamba mji wote umejaa wezi, namwelewa, hasa ikiwa ameibiwa asubuhi hiyo, lakini sikubaliani naye. Wizi hurundikana mahali pachache na katika saa chache. Katika mji wa Minneapolis kule Marekani, watafiti walipochunguza simu zilizopigwa kwa polisi, walichapisha mwaka 1989 kwamba takriban asilimia 3 tu ya anwani zote za mji ndizo zilizokuwa zimetoa nusu ya simu hizo. Sisi hatujahesabu hivyo, ila mtu yeyote aliyefanya biashara hapa kwa muda anaweza kuichora ramani hiyo kwa kidole juu ya vumbi.

Moi Avenue, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Government Road, huugawa mji wetu mara mbili. Upande wa magharibi kuna afisi, benki, hoteli na Bunge. Upande wa mashariki kuna Tom Mboya, Ronald Ngala, Accra Road, River Road, hadi Nyamakima na Kirinyaga Road, na huko ndiko ziliko steji nyingi za matatu. Ikifika saa kumi na moja jioni, watu wa upande wa juu huvuka barabara ile wakateremka kuja kutafuta gari la kuwafikisha nyumbani, na kwa saa tatu hivi vijia vilivyojengewa mji mdogo hubeba wafanyakazi wa mji mkubwa. Wachuuzi nao, ambao wamengojea saa hiyo hiyo, hutandika bidhaa zao kwenye nusu ya njia iliyobaki. Hapo ndipo simu zinapokwenda.

Mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi. Matatu huadimika, nauli hupanda, na mtu hushika mwavuli kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, akiwaarifu wa nyumbani kwamba atachelewa. Gari likifika, watu mia hulikimbilia. Mimi huliona tukio hilo kutoka mlangoni mwangu karibu kila msimu wa masika: wawili wanauziba mlango wa matatu wakijifanya wanabishana na kondakta juu ya nauli, wa tatu anasukuma kutoka nyuma akilalamika kwamba anaumizwa, na wa nne, ambaye hasemi lolote, ndiye mwenye mkono. Mlango ukifunguka, wote wanne hukumbuka kwamba hilo silo gari lao. Aliyeibiwa hugundua gari likiwa limeshapita Ngara.

Kuna jambo lililobadilika hapo katikati ambalo wengi wetu hatukulipa uzito. Nilipoanza biashara hii, mwizi wa simu alitaka simu. Tangu M-Pesa ianzishwe mwezi Machi 2007, na hasa tangu mikopo iingie ndani ya simu zenyewe, kifaa kile kimekuwa benki, na mlango wa benki hiyo hufunguliwa na mwenyewe. Ndiyo maana mporaji wa leo hana haja ya simu iliyolala mfukoni. Hungoja uitoe, uifungue, uanze kuandika au kusoma, kisha huinyakua ikiwa wazi mkononi. Abiria wa dirishani anayesoma ujumbe wakati matatu imesimama kwenye foleni ya Tom Mboya anamrahisishia kazi yote. Ndani ya dakika chache, kabla mwenye simu hajapata mtu wa kumwazima simu ya kupigia, pesa zimekwisha kuhamishwa na mkopo umekopwa kwa jina lake. Mteja mmoja aliniambia kwamba simu haikumuuma sana, kwa kuwa ilikuwa kuukuu. Kilichomuuma ni kulipa kwa miezi minne deni ambalo hakulikopa.

Usiku sura ya wizi hubadilika. Baada ya saa nne umati umekwisha, na mwizi aliyekuwa akiutegemea msongamano sasa hutegemea upweke. Huo ndio wakati wa ngeta, yaani mkono unaopitishwa shingoni kutoka nyuma hadi mtu akalegea, na ndio wakati wa mchele, ambapo mtu hutiliwa dawa katika kinywaji na kuamka asubuhi bila simu, pochi, na pengine viatu. Juu ya mchele watu hupenda kucheka kwa sababu ya mazingira ya mwathiriwa. Wapo walioamkia hospitalini, na wapo ambao hawakuamka, kwa hiyo mimi sicheki.

Wezi wa maduka, kwa upande wao, hawana haraka hata kidogo. Hupanga chumba kinachopakana na duka wanalolitaka, au kilicho juu yake, kwa kisingizio cha kuweka ghala la nguo. Hulipa kodi ya miezi miwili vizuri kabisa, tena mapema kuliko mimi na wewe, kisha Jumamosi usiku hutoboa ukuta. Jumatatu asubuhi mwenye duka huzifungua kufuli zake moja baada ya nyingine, zote zikiwa nzima, akawasha taa na kukuta rafu tupu na tundu la ukubwa wa beseni. Wengi wetu tumetumia pesa nyingi kwa milango ya chuma, na ni wachache waliowahi kugonga ukuta wa nyuma kusikia kama ni wa jiwe au ni wa mbao iliyopakwa rangi.

Pata potea, ule mchezo wa kamari wa njiani, na ile bahasha ya pesa inayoangushwa mbele yako njiani nitaziruka, maana huko mtu huitoa mali kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo ni hotuba nyingine.

Kuhusu takwimu niseme kidogo. Hesabu za makosa zinazochapishwa kila mwaka hutokana na yale yaliyoripotiwa, na mtu wa Nairobi haripoti wizi kwa sababu ameibiwa. Huripoti kwa sababu anahitaji karatasi. Aliyepoteza kitambulisho atapanga foleni kituoni, kwa kuwa bila hati ya polisi hatapewa kingine. Mwenye bima ya gari ataripoti, kwa kuwa kampuni ya bima humdai hati hiyo hiyo. Aliyeporwa simu ya shilingi 9,000 atahesabu nauli, saa za kazi atakazopoteza na swali atakaloulizwa, nalo ni hili: "Ulikuwa unaishikaje?" Kisha ataamua kwenda kununua nyingine. Niliwahi kumsindikiza mfanyakazi wangu katika kituo kimoja baada ya kuibiwa mkoba, tukaandikiwa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kipande cha gazeti la jana. Sina ugomvi na afisa yule, labda karatasi zilikuwa zimekwisha. Lakini wizi wa aina ile, ulio mwingi kuliko wote, ndio hasa usiofika vitabuni.

Sasa nije kwenye lile nililosema nitalikiri.

Mwaka 2012, alasiri, kijana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, alisimama mbele ya kaunta yangu akaweka simu juu ya kioo. Alisema ni ya kakake aliyehamia Eldoret. Haikuwa na chaja, haikuwa na boksi, na laini ilikuwa imeshatolewa. Alitaka shilingi 5,000; nikamwambia 3,500, naye akakubali bila kubishana, jambo ambalo kwa mtu anayeuza mali yake si la kawaida katika mtaa huu. Sikumuuliza jina. Nilijua vizuri ni maswali gani sipaswi kuuliza ili nisipate majibu. Alipoondoka niliiweka kando nikaendelea na kazi, na ilipofika saa kumi kamili simu ikaanza kulia. Ilikuwa kengele ya kukumbusha, na kwenye skrini palikuwa pameandikwa: "Dawa ya presha ya Baba." Nikaizima. Kesho yake saa kumi ikalia tena, kwa sababu nilikuwa nimeizima bila kuifuta. Siku hiyo niliifuta, nikaiflashi simu nzima, nikaisafisha kwa spiriti, na kabla ya kufunga duka nikawa nimemuuzia mwanafunzi wa chuo kwa shilingi 6,000.

Tazameni mahesabu. Yule kijana alipata 3,500, na kwa pesa hizo alikimbia, akavuka barabara katikati ya magari, na akajiweka katika hatari ya kushikwa na umma. Mnajua maana ya kushikwa na umma katika mitaa hii. Tumeona mtu akivishwa tairi na kuchomwa. Tumeona vijana wa miaka 17 wakiuawa kwa mawe kwa sababu ya simu ambayo bei yake haifiki kodi ya chumba, na baadhi yetu tuliokuwa tukitazama kutoka milangoni tulikuwa na simu za namna hiyo kwenye rafu zetu. Mimi nilipata 2,500 nikiwa nimeketi, na jioni nikapanda matatu kwenda nyumbani kama mtu mwingine yeyote mwenye heshima zake.

Nilipokuja kuisoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, nilikuta kwamba watunga sheria waliliona jambo hili zamani. Kifungu cha 275 kinaweka adhabu ya kawaida ya wizi kuwa kifungo kisichozidi miaka 3. Kifungu cha 279 kinaipandisha hadi miaka 14 kwa anayemwibia mtu kutoka mwilini mwake, mathalani mfukoni. Na kifungu cha 322, kinachohusu kupokea na kushughulikia mali ya wizi, nacho kinasema miaka 14. Kwa maneno mengine, sheria imetuweka sisi wa kaunta kwenye ngazi moja na yule wa mfukoni, na juu zaidi ya mwizi wa kawaida. Isitoshe, haidai kwamba lazima uwe ulijua. Inatosha kwamba ulikuwa na sababu ya kuamini. Bei ya nusu ni sababu, na mtu asiyejua nambari ya siri ya simu anayoiita yake ni sababu nyingine. Mimi siku ile nilikuwa na sababu nne, na ya tano ililia saa kumi.

Niongeze, kwa kuwa vijana wapo hapa: wawili wakimnyang'anya mtu mali kwa nguvu, hata bila kisu wala bunduki, kifungu cha 296(2) kinaliita kosa hilo wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini magereza yamejaa watu waliohukumiwa chini ya kifungu hicho.

Kwa nini ninashikilia sana habari ya mnunuzi? Kwa sababu tumejaribu kumkabili mwizi kwa njia nyingi. Mwaka 2014 serikali ilitia saini mkataba wa mfumo wa mawasiliano ya polisi uliokusudiwa kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, na nyingine mnaziona juu ya milingoti pale nje. Zimesaidia katika makosa makubwa. Lakini simu iliyoporwa mbele ya kamera huingia katika jengo lenye vibanda 80, na ndani ya jengo hilo hakuna anayetazama. Simu za kisasa hujifunga zenyewe zikiibwa, nalo ni jambo jema, ila skrini, betri na bodi za simu nyingi hazina kufuli, na fundi anayezihitaji hulipa taslimu. Vivyo hivyo kwa vioo vya pembeni vya magari. Tumechonga nambari za magari juu ya vioo, tumevipiga ribiti, na bado vinang'olewa, kwa sababu kuna mtu katika mji huu huu ambaye kioo chake kilivunjika jana na hataki kununua kipya. Wauza vipuri wengi wa Kirinyaga Road ni watu waaminifu, nami nawajua baadhi yao, lakini hata wao watawaambia juu ya mteja aliyepelekewa kioo cha gari lake mwenyewe akakilipia.

Mfano wa vyuma chakavu ndio unaonipa matumaini kidogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiibiwa mifuniko ya mashimo ya majitaka na nyaya za taa za barabarani, tukilaumu vijana wa mtaani wanaobeba magunia. Januari 2022 nguzo za umeme wa msongo mkubwa zilianguka baada ya vyuma vyake kung'olewa, nchi karibu nzima ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku ile iliwaumiza wengi wasio na hatia, nayo iliondolewa baada ya miezi michache kwa masharti ya leseni. Lakini angalieni ilielekezwa kwa nani. Hakuna aliyetumwa kuwakimbiza wenye magunia; iliguswa mizani inayopimia vyuma. Tangu mwaka 2015 palikuwa na sheria inayomtaka mfanyabiashara wa vyuma awe na leseni na aandike alichonunua na aliyemuuzia. Sisi wa simu hatuna sheria yetu ya namna hiyo, na sioni kwa nini tungoje nchi iingie gizani mara nyingine.

Mnakumbuka vilevile tarehe 25 Juni 2025. Sizungumzii maandamano yenyewe, ambayo yalikuwa na madai yake. Nazungumzia waliojipenyeza nyuma yake wakavunja maduka katika mitaa yetu na kuondoka na televisheni mabegani. Wengi walioibiwa siku hiyo walikuja kujua kwamba bima ya kuvunjiwa duka kwa kawaida haihusu ghasia, na kwamba kinga ya ghasia za kisiasa hulipiwa peke yake. Hilo ni funzo la karatasi, nanyi mlipeleke kwa mawakala wenu wiki hii. Lakini wiki iliyofuata niliona jambo jingine. Nililetewa simu tatu mpya, katika maboksi yaliyofungwa, kwa nusu ya bei ya jumla. Aliyezileta hakuwa mgeni kwangu, na alishangaa kwa dhati nilipozikataa. Alizichukua akaenda ghorofa ya pili ya jengo letu hilo hilo, akarudi baada ya robo saa bila mfuko.

Ninachokipendekeza ni kidogo. Yeyote anayetuuzia simu iliyotumika atoe kitambulisho cha taifa. Tuandike jina lake, nambari ya kitambulisho, na nambari ya utambulisho wa simu ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Simu ikae siku saba rafuni kabla ya kuuzwa au kufunguliwa vipuri. Na daftari hilo lionyeshwe kwa afisa akiliomba. Wenye majengo nao wamuulize mpangaji mpya jina na biashara yake kabla ya kuhesabu kodi. Najua mtakachoniambia, kwa kuwa nimeshaambiwa na mke wangu: nikikataa mimi, wa pili atanunua. Ni kweli, nami nimetoka kuwasimulia. Ndiyo maana nimekuja kwenye mkutano badala ya kubaki dukani kwangu. Jengo moja likikubaliana kaunta zote, mporaji atavuka barabara. Mtaa mzima ukikubaliana, atapanda matatu. Na kila hatua anayolazimika kuongeza inampunguzia faida na kumwongezea nafasi ya kushikwa akiwa na mali mkononi.

Daftari langu nimelileta, liko pale mezani kwa katibu, na atakaye aje alitazame. Nililianza miezi mitano iliyopita. Mwezi wa kwanza biashara ya simu zilizotumika ilipungua karibu nusu, na nilikuwa karibu kuacha. Wengi huniangalia ninapoomba kitambulisho, wakasema wanakwenda kukileta, na siwaoni tena. Lakini kuna mmoja, kijana wa Kayole, ambaye aliondoka kwa hasira akisema nimemwita mwizi mbele za watu. Alirudi siku ya tatu na boksi la simu, risiti iliyofifia, kitambulisho chake, na mamake. Mama alitaka kuniona mimi kabla ya kuuza chochote. Tulikaa, tukanywa chai, tukasumbuana juu ya bei kama inavyostahili, na jina la kijana huyo liko katika ukurasa wa nne.